Mstari Uliopinda Kwenye Kofia

Mama yangu hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kilichopinda. Mkeka ukitandikwa upande, aliunyoosha kabla hajakaa. Kanga ikianikwa vibaya kambani, aliishusha akaianika upya, hata kama ilikuwa kanga ya jirani na jirani mwenyewe amesimama pale anamtazama. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile kofia nyeupe za mkono wanazovaa wanaume msikitini na kwenye harusi, na katika kazi ile mstari ndio kila kitu. Unachukua bafta, kitambaa cheupe cha pamba, unaichora kwa penseli, kisha unaifuata penseli kwa sindano, kitobo kwa kitobo, mpaka kofia moja inakula miezi. Wanawake wengi wa Bagamoyo walishona. Lakini mwenye duka aliyezinunua, mzee mmoja wa Kihindi mwenye maneno matamu na macho makali, za wanawake wengine alizigeuza ndani nje akitafuta kasoro, na za mama alizipokea bila kuzitazama. Mama alilijua hilo, na sisi sote nyumbani tulilijua kwa sababu hakuacha kulisema.

Mimi nilikuwa kitinda mimba, msichana wa tatu, na kushona nilikuchukia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na haraka na hasira, na hata leo uzee haujanipunguzia. Nikijichoma kidole naitupa kofia, mama ananifinya paja, naiokota. "Mtoto huyu," alikuwa akimwambia baba, "tulimzaa siku ya joto."

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Bwana harusi anayekuja kumwoa binti wa nyumba ile huvishwa kofia iliyotoka mkononi mwa mama. Si ya kununua, si ya kushonewa na mwengine. Dada zangu wawili waliolewa na wanaume waliovaa kofia za mama, na watu waliozungumza juu ya kofia zile walikuwa wengi kuliko waliozungumza juu ya maharusi. Mwishoni mwa miaka ya sitini zamu yangu ikafika. Nilichumbiwa na kijana mmoja, mwalimu wa shule huko Zinga, mtu mpole mwenye kichwa kikubwa ajabu. Mama alimpima kwa uzi, akautazama ule uzi, akanitazama mimi. "Mwanangu, hii si kofia, hii ni sufuria. Nitaanza mapema." Nikanuna siku nzima. Lakini usiniulize nilivyoingoja kofia ile. Nilikuwa nikienda kuitazama hata kabla haijawa na kitobo kimoja.

Sasa lazima nieleze vichekesho vya nyumba yetu, maana baadaye vyote viligeuka kuwa kitu kingine. Tulikuwa na vinne, na kila mgeni alisimuliwa.

Cha kwanza kilikuwa mimi mwenyewe. Nilizaliwa mkubwa mno. Mkunga alitoka chumbani amelowa jasho akawaambia wanawake waliokaa uani kwamba amezalisha mtoto mwenye miezi mitatu, na mtaa mzima ukaja kunitazama. Babu aliniita gunia la mpunga mpaka alipokufa. Cha pili ilikuwa kiu ya mama. Alikuwa na mtungi wake wa maji peke yake, na aliumaliza kama mtu aliyekula ng'onda, samaki wa chumvi, mchana na usiku. Cha tatu ilikuwa halwa. Baba aliuza mbata, zile nazi kavu, na kila jioni akirudi alimletea mama kifurushi cha halwa ndani ya kipande cha gazeti, akakiweka juu ya paja lake bila kusema neno, naye mama akakifungua kama hajui kilichomo. Hivyo ndivyo walivyopendana, na sisi watoto tulionjeshwa kile kidogo kilichobaki kwenye karatasi.

Cha nne ni cha aibu kidogo lakini nitakisema, wote waliokuwa wakikisema wamekwisha kwenda zao. Sisimizi walijaa chooni kwetu. Walipanga msafara kutoka ukutani mpaka pale anapokaa mtu, na tulikwisha gundua kwamba wanakuja zaidi baada ya mama. Baba alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. "Mke wangu mtamu," anasema, "mimi nilidhani najua peke yangu, kumbe na sisimizi wanajua!" Mama alimrushia kandambili, na wageni wakacheka nasi.

Basi mama akaanza kofia yangu. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza baina yetu.

"Nani kaugusa mstari wangu?"

"Hakuna aliyeugusa, mama."

"Umeuvuta uzi. Tazama ulivyopinda hapa katikati."

Nautazama. Umenyooka kama kawaida yake. Namwambia umenyooka. Ananiambia mimi sina macho. Anaufumua, anaushona tena, kesho yake yale yale. Nilipandwa na hasira mpaka nikawa naamka asubuhi tayari nimekasirika. Mtu anasingiziwa kuiharibu kofia ya mume wake mwenyewe! Nilimlalamikia baba, baba akasema mama yako amechoka. Nilimlalamikia shangazi, dada yake baba aliyekaa nyumba ya pili, naye akasema wasichana wanaokaribia kuolewa huwa na kero. Ebo!

Wakati ule ule mama alikuwa akimaliza kofia nyingine za dukani, na mimi ndiye niliyezipeleka. Nilipozitoa kwenye kitambaa niliona jambo. Mistari ya ubavuni haikuwa imenyooka. Ilipanda kidogo na kushuka, ikapanda tena. Nikasema moyoni, loo, mama amebuni mtindo. Sikumwuliza, maana mama hakuwa mtu wa kuulizwa juu ya kazi yake. Mwenye duka safari hii aliigeuza moja, kwa mara ya kwanza nadhani, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Mambo mapya haya! Mawimbi! Mwambie mama yako vijana wa Dar es Salaam watapigania kofia hii. Alete nyingine za mawimbi, nyingi."

Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Mama alikuwa uani na kofia yangu mapajani. Nikamwambia mwenye duka amefurahi, anataka za mawimbi zaidi.

"Mawimbi gani?" akauliza mama.

"Haya uliyoyashona. Ubavuni."

Aliweka sindano chini. Nilimwona uso wake ukibadilika, na nikajua nimegusa pabaya. "Mimi sijashona wimbi hata moja tangu nizaliwe. Nimeshona mistari. Unanitania?"

Nikamwambia simtanii. Nikaichukua kofia yangu mapajani mwake kumwonyesha, na pale nikaona kwamba mstari wa kwanza, ule alioufumua na kuushona mara sijui ngapi huku akinigombeza, sasa ulikuwa umepinda kweli. "Huu ndio ulionyooka?" nikamwuliza. Akasema ndiyo, hatimaye umenyooka, alhamdulillahi, baada ya wewe kuacha kuuvuta. Basi mimi nikapandwa na wazimu. Nikakata uzi kwenye kibunda, nikauvuta kwa mikono miwili mpaka ukakaza kabisa, nikauweka juu ya mstari. "Tazama sasa! Uzi huu na mstari wako, kipi kimepinda?"

Mama aliinama. Alitazama muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, "Uzi."

Uzi uliokazwa haupindi. Hata mimi mwenye hasira zangu nililijua hilo. Mama akainua uso akautazama mlango wa jikoni, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akarudi la kwanza. Akasema mwimo wa mlango umekunjika katikati, na kwa jicho la kulia pale katikati pana kivuli cha moshi. Halafu akacheka, mama yangu mimi, akacheka. "Basi tuhame, nyumba inatuangukia." Lakini mikono yake ilikuwa imeishika ile kofia kwa nguvu, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Shangazi alikuja jioni akatoa hukumu. Mtoto wa jicho. Yeye mwenyewe alikwisha kutolewa mmoja, akavaa miwani minene iliyomfanya atutazame kama samaki aliye ndani ya chupa, na katika mtaa wetu hakuna aliyebishana naye juu ya macho. "Na mtoto wa jicho," akasema, "lazima awive. Ukienda angali mbichi watakurudisha. Subiri mpaka mboni iwe nyeupe." Watu wote walijua hivyo, na kwa mtoto wa jicho siku zile ndivyo ilivyokuwa, walisubiri awive. Mama akafurahi. Baba akafurahi. Wakapanga mambo vizuri kabisa: harusi kwanza, jicho baadaye.

Mimi nikamshika mama kidevu nikamgeuza kwenye mwanga. Mboni zake zilikuwa nyeusi ti, safi, hakuna weupe hata wa kupimia.

"Shangazi, samahani. Wewe mtoto wako wa jicho alikuwa akikupindishia vitu?"

"Kupindisha? La. Ukungu tu. Kama unatazama ndani ya uji."

"Mlango ulikuwa ukikunjika?"

"Mlango ukunjike kwa nini?"

"Basi wa mama si mtoto wa jicho!"

"Haya, daktari wetu huyo," akasema shangazi, "harusi bado, udaktari umekwisha upata." Wote wakacheka, mama naye. Nikasimama katikati ya ua nikasema siolewi. Nikasema mwalimu wa Zinga na atafute kichwa kingine cha kuoa, mimi sipakwi hina, sitoki chumbani, mpaka mama atazamwe macho Dar es Salaam. Kicheko kikakatika. Baba alinijua. Akasema, "Mpeleke, mwanangu, kabla hujatutia aibu mtaani."

Safari ile ya basi ilikuwa kioja. Mama alikunywa maji kabla hatujaondoka, akabeba mengine kwenye chupa. Tulipofika Zinga akataka kushuka kujisaidia. Nikajifunika kanga uso wote, maana pale ndipo kwa mchumba wangu na sikutaka nionekane namshikia mama yangu ubao wa mlango wa choo cha watu. Tukapanda. Tulipofika Kerege akataka kushuka tena. Dereva akageuka. "Mama, basi hili ni la watu wote au ni la kwako?" Mama akamjibu kwamba akiendelea kuuliza litakuwa la kwake kweli, na dereva mwenyewe ndiye atakayekifua kiti. Abiria walipiga vigelegele. Dereva akasimama Kerege, na mbele ya Kerege akasimama mwenyewe bila kuambiwa.

Daktari wa macho alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono baridi. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu, mama akaitikia marahaba na kumpenda hapo hapo. Alimtia matone, akatuambia tungoje. Baada ya muda mboni za mama zilipanuka mpaka macho yakabaki meusi tupu, akawa haoni hata vidole vyake. "Nilikuja nikiona mlango umekunjika," akaninong'oneza, "sasa hata mlango sina." Kisha daktari akaingia naye chumba cha giza, na mimi nyuma yao bila kualikwa. Akashika kitu kidogo chenye taa, akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusana na wa mama, akachungulia ndani ya jicho la kulia. Alikaa hapo sana. Akaenda la kushoto. Akarudi la kulia.

Alipowasha taa hakusema anachokiona. Aliuliza maswali. Je, mama anakunywa maji mengi? Nikacheka, nikamweleza habari ya mtungi, na ya dereva wa Kerege. Anakwenda haja mara nyingi? Nikamtazama mama, mama akatazama ukuta, basi nikasema na ya sisimizi, kwa heshima, nikiyafupisha. Daktari hakucheka. Miguu inakufa ganzi? Mama akasema ndiyo, mwaka wa pili huu, lakini si kaka yake naye ni hivyo hivyo, na mama yake alikuwa hivyo. Mama yake alikufa na nini? Alikonda tu, akasema mama, na alipofuka mwishoni. Kuna mtoto yeyote aliyemzaa akiwa mkubwa kupita kiasi? Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusimulia habari ya mkunga na gunia la mpunga, kama tulivyozoea kuwasimulia wageni. Niliona uso wa daktari, nikaelewa kwamba vichekesho vyetu vyote, kimoja kimoja, vilikuwa dalili, na tulikuwa tukizicheka kwa miaka.

"Ni mimi," nikasema.

Alimpima mama presha kwa mpira wa mkononi, nayo ilikuwa juu. Akamtaka mkojo, akautia matone machache kwenye kichupa chenye maji ya buluu, akakichemsha juu ya moto mdogo. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, ikaishia rangi ya tofali. Mama, ambaye mboni zake zilianza kurudi, akasema rangi ile ingefaa kanga. Daktari akasema rangi ile ni sukari.

Kisha akakaa chini akatueleza, na nitamshukuru mpaka nakufa kwa alivyoeleza. Alisema nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, na picha ya kila tunachokitazama inaangukia hapo. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi, na presha ikisaidiana nayo, mishipa midogo ya utando ule inalegea na kuvuja. Ameona kwa mama vidoa vyekundu vidogo, kama mtu aliyejichoma sindano akagusa kitambaa cheupe. Ameona chembe za manjano. Na katikati, pale pa kusomea na kushonea, utando umevimba kwa maji.

"Bafta ikilowa," akasema mama polepole, "inavimba, na mstari wa penseli unapinda."

"Hasa, mama. Mstari haukupinda. Kitambaa cha jicho lako ndicho kilichovimba."

Nikamwuliza habari ya kungoja mtoto wa jicho awive. Akatikisa kichwa. Mtoto wa jicho anakaa mbele ya jicho, huyo anaweza kungojewa. Ugonjwa huu uko nyuma, hauna kuwiva, una kupofusha tu. Mama hakuuliza atakufa lini wala atapona lini. Aliuliza, "Nitamaliza kofia ya mkwe wangu?"

Daktari alimtazama. Akasema jicho la kulia hawezi kumwahidi, limekwisha umia. La kushoto limeanza tu, nalo likiokoka litaokolewa na mdomo: aache sukari, ale anavyoambiwa, ameze vidonge, ashushe presha. Na kila wiki, siku moja anayoweza kuikumbuka, afumbe jicho moja na kutazama kitu chenye mistari iliyonyooka, halafu la pili, aone kama mistari inazidi kupinda. "Una kitu chenye mistari nyumbani?" Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na sijui yalikuwa ya matone au ya kitu gani. Tulipokuwa tunaondoka daktari akaniita. Akaniambia mimi niliyezaliwa mzito, wa ukoo ule, na mimi nijiangalie maisha yangu yote. Nikaitikia tu. Nilikuwa msichana, maisha yangu yote yalikuwa kitu cha mbali sana.

Baba alipoambiwa, alilia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. "Miaka yote nilikuwa nikimlisha mwenyewe, kwa mkono wangu," alisema, akakishika kile kifurushi cha halwa alichokuja nacho na hajui akitupe wapi. Mama akamwambia aache upuuzi, kwani mama yake na kaka yake nao waliletewa halwa na nani? Jioni ya pili baba alirudi, akaweka pajani mwa mama kifurushi cha gazeti kama siku zote, bila kusema neno. Mama akakifungua. Yalikuwa matango. Mama aliyatazama, akamtazama baba, akalitia moja mdomoni likalia kach, akasema, "Halwa ya leo imekaza." Tangu hapo kila jioni ilikuwa matango, mara bilinganya, mara bamia, daima ndani ya gazeti.

Mimi nikawa askari wa nyumba. Niliificha sukari, nikawazuia jirani waliokuja kumjulia hali na visheti, nikagombana na shangazi juu ya kaimati za Ramadhani mpaka tukanuniana. "Mgonjwa haendewi mikono mitupu," analia shangazi. Nikamwambia basi alete mchicha. Mama mwenyewe alikuwa mwizi mkubwa. Nilimkuta na kashata chini ya mto, na siku nyingine ndani ya kofia iliyotiwa wanga, imefunikwa vizuri. Nilifoka, akafoka, tukala kashata hiyo nusu nusu kwa hasira, halafu nikalia nikamwambia ninataka anione nikiwa bibi harusi. Hakuiba tena, au aliacha kukamatwa.

Wiki zikapita. Kila Ijumaa asubuhi baada ya chai mama alifumba jicho na kutazama kofia moja ya zamani, na sisi tukamzunguka. "Je?" "Bado." Ijumaa nyingine, "Je?" "Vile vile." Harusi ilisogezwa mbele, na mwalimu wa Zinga alituma salamu kwamba atangoja, kichwa chake hakikui tena. Siku moja baba alitoka chooni anakimbia, kikoi amekishika mkononi. "Wamehama! Jamani, sisimizi wamehama!" Sote tukaenda kuchungulia choo kama watu waendao kutazama jahazi jipya. Ukuta ulikuwa mtupu. Mama akapigwa vigelegele kwa ajili ya ukuta wa choo, naye akasema nyumba hii haina haya.

Na Ijumaa moja nilikuwa jikoni nilipomsikia ananiita kwa sauti ya kupasuka. Nikakimbia na mwiko mkononi. Alikuwa amefumba jicho la kulia kwa kiganja na anautazama mlango. "Umenyooka," akasema. "Mwanangu, mlango umenyooka!" Nilimkumbatia na mwiko wangu, nikampaka mchuzi begani.

La kulia halikurudi. Pale katikati pake moshi ulibaki mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini kwa lile la kushoto aliichukua kofia yangu siku ile ile, na kwa mara ya kwanza akauona mstari wake wa kwanza kama sisi tulivyouona.

"Huu nimeushona mimi?"

"Wewe, mama."

Nilijua kitakachofuata. Nilimpa mkasi mdogo wa kufumulia, maana namjua mama, mtu anayeianika upya kanga ya jirani. Aliushika mkasi, akauweka chini. Akapitisha kidole juu ya ule mstari, akageuza kofia, akaanza mstari wa pili chini yake. Ulinyooka. Na wa tatu, na wa nne, mpaka mwisho, kwa jicho moja, polepole, kila kitobo mahali pake. Mwenye duka alileta ujumbe kuomba za mawimbi. Mama akamjibu kwamba kiwanda kimefungwa.

Sikuweza kuvumilia. Mstari mmoja uliopinda, juu kabisa, mahali ambapo kila mtu atauona! Nilimwambia mama aufumue, nikamwambia watu watasema, nikamwambia na mimi nina haki ya kofia nzuri kama dada zangu. Mama akaendelea na sindano yake. Asubuhi ya harusi yangu, kofia ilipokuwa imekwisha kutiwa wanga na imewekwa kwenye sinia tayari kupelekwa kwa bwana harusi, aliwatoa wanawake wote chumbani tukabaki wawili. Akanishika mkono wenye hina bichi bila kujali.

"Nimeuacha makusudi," akasema. "Si wa mumeo huo, ni wa kwako. Daktari alisema nini juu yako? Basi kila Ijumaa uitazame kofia ya mumeo, jicho moja moja. Mistari hii mingine nimeinyoosha, ikipinda utajua. Lakini mtu hujidanganya, mwanangu, mimi nimejidanganya mwaka mzima. Ndiyo maana nimekuachia na huu. Huu umepinda. Siku utakapouona huu umenyooka, usibishane na mtu, usingoje kitu kiwive. Nenda."

Mume wangu aliivaa kofia ile kwa ndoa, na kwa Idi zote mpaka alipotangulia mbele ya haki. Ikabaki kwangu. Sukari nami nimekwisha kuipata, kama yule daktari alivyosema, na wanangu wananifichia kashata kama nilivyomfichia mama, na nawagombeza. Kila Ijumaa baada ya chai naitoa kofia sandukuni, nakaa mlangoni kwenye mwanga, nafumba jicho moja.

Wiki hii pia niliitazama. Mistari ya mama ya chini imenyooka yote. Ule wa juu, alhamdulillahi, bado umepinda.